Dola 18 kwa Saa Hapa Columbus, Ohio: Zinaishia Wapi?

Habari za nyumbani ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Leo niko jikoni kwangu Columbus, na bili zote za mwezi hizi hapa mezani. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kaniuliza: "Dada, dola 18 kwa saa, si unaweka hela nyingi?" Nataka nimjibu mbele yenu wote, maana kuna watu wanauza viwanja kwa hesabu ya nusu.

Saa 40 kwa wiki, kwa mwezi ni kama dola 3,120. Ukizigeuza shilingi ni mamilioni, najua. Ila hizo sizishiki. Kabla hazijafika benki inakatwa kodi ya serikali kuu, kodi ya jimbo, asilimia 7.65 ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee), halafu jiji la Columbus lenyewe linachukua asilimia 2.5. Hiyo ya jiji sikuwahi kuambiwa na mtu. Toa na bima ya afya, mkononi inabaki kama 2,430.

Pango langu ni 1,100, chumba na sebule. Ukilinganisha na New York au Boston, huku kweli ni nafuu. Lakini mji umetawanyika, na huo umbali una bei yake. Nilipofika nilipanga jirani na Morse Road, upande wa kaskazini, kwa kuwa unga wa ugali unapatikana na Waafrika tupo wengi. Kazi nikaipata kwenye ghala, huko kusini upande wa Rickenbacker. Nauli ya basi ni dola 2 tu, lakini zamu inaanza saa 12 asubuhi, na kwa basi sikuweza kuwahi hata siku moja. Miezi minne nikawa nalipa lifti, dola 10 kwenda, 10 kurudi. Zaidi ya dola 400 kila mwezi, na sina hata tairi! Aliyenipa lifti akiumwa, na mimi sina kazi siku hiyo.

Ndiyo maana nina gari. Mkopo wake 330, bima 160, mafuta 130. Umeme, gesi na maji 150, simu na intaneti 85. Chakula 330, na hapo napika mwenyewe. Ohio chakula cha kupeleka nyumbani hakitozwi kodi ya mauzo, ukikaa kula mgahawani unatozwa.

Jumlisheni. Zinabaki dola 145. Mia moja ni ya mama. Januari iliyopita baridi ilikaza, bili ya gesi ikapanda, nikamtumia 40. Nilimpigia kabla hajaenda kwa wakala, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nina blanketi la kutosha.

Kwa hiyo mdogo wangu, njoo, nitakupokea. Lakini jifunze kuendesha gari ukiwa huko huko, mimi nimejifunzia kwenye theluji, na kila somo nililipia. Ukifika utalala hapa sebuleni kwangu mpaka upate kazi. Nyumba tutaitafuta baada ya hapo, tukishajua zamu yako inaanza saa ngapi na ghala liko upande gani.