Njoo Gari Likiwa Baridi: Kukagua Subaru STI Kabla ya Kulipa

Asante, mwenyekiti, na asanteni nyote mliokubali kujibana kwenye viti hivi. Nimeombwa nizungumzie ukaguzi wa magari ya spoti yaliyotumika. Nikiyagusa yote tutakesha, kwa hiyo nitashika moja: Subaru Impreza WRX STI. Hapa Kenya mapenzi ya gari hili yana historia. Patrick Njiru aliendesha Subaru kwenye Safari Rally tukiona, halafu Colin McRae akashinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wakiwa ndani ya Impreza. Sina ugomvi na mapenzi hayo. Shida ni kwamba mtu akishapenda hasikii tena injini inagonga.

Kwanza niwavue dhana moja. Mtu hunijia akasema, "Fundi, hili lilikaguliwa Japani, karatasi ya mnada ninayo, gredi ni nne." Sawa. Lakini kanuni yetu, KS 1515, hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa nchini. Pigeni hesabu: STI ya mwaka 2006 iliingia kabla ya 2014. Imekula matuta yetu zaidi ya miaka kumi, imepita mikononi mwa watu ambao pengine hamtawajua kamwe. Karatasi ile ni habari za zamani. Inafaa kwa jambo moja tu: ikiwa imeandikwa R, au kwenye mchoro wa gari pana XX, basi liligongwa likatengenezwa, au kipande kilibadilishwa, tangu huko huko. Muuzaji anayeapa kwamba bodi haijawahi kuguswa utakuwa umemkamata. Wala msichanganye ukaguzi na ripoti ya thamani ya bima. Mthamini anatafuta bei, hafungui plagi.

Pili, hakikisheni ni STI kweli. Bawa la nyuma na beji unavipata kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, kabla chai haijapoa. Someni namba ya chasisi: kwa gari la Kijapani la 2000 hadi 2007, GDB ni STI, GDA ni WRX ya kawaida iliyovalishwa ifanane na STI. Kisha mlinganishe namba hiyo na rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, herufi kwa herufi.

Sasa injini, na hapa nitakaa kidogo. Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Kwa Subaru chukueni maneno hayo kama yalivyo. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, uende alfajiri, na jambo la kwanza uweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, ahirisha. Injini hizi za EJ zina pistoni zinazolala ubavuni, mbili kulia na mbili kushoto, na likiwa baridi si ajabu kusikia kakaka nyepesi inayopungua kadiri injini inavyopata joto. Hiyo huwa pistoni, na wengi huishi nayo miaka. Ninayoiogopa ni sauti nzito, ya chini, ambayo haiondoki injini ikishapata joto na inaongezeka ukikanyaga mafuta taratibu. Hiyo ni beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, na hapo hununui gari, unanunua kazi ya kufungua injini nzima. Sasa unaelewa kwa nini mwenye kuficha hukupokea huku injini ikinguruma: anasema anakupashia moto, kumbe amekunyima ushahidi.

Baada ya hapo acha lipate joto, kisha fungua plagi. Kwenye Subaru plagi ziko pembeni, zimebanana na chasisi, kwa hiyo kazi hii inataka muda na fundi mvumilivu. Pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo wa hewa, za silinda zote nne. Mimi sitazami sana namba yenyewe, natazama tofauti. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 nasita. Kisha omba kipimo cha kuvuja, ambacho wengi hukiruka. Pistoni inapandishwa juu kabisa, valvu zote zimefungwa, unaingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi, halafu unanyamaza na kusikiliza. Upepo ukitokea kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haizibi. Ukitokea kwenye mdomo wa kuvutia hewa, ni valvu ya kuingizia. Ukisikia unapuliza pale unapomimina oili, ringi au pistoni imekwisha. Kwenye injini ya lita 2.5 silinda ya nne ndiyo inayolalamikiwa sana. Na rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya hedi imekubali yaishe.

Matairi: yote manne yawe ya aina moja na yameisha sawasawa, maana gari hili husukuma magurudumu yote, na tofauti ya ukubwa huitesa difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole uwanjani. Likijishika kama linavuta breki lenyewe, uliza maswali.

Ndiyo, kaka? Muuzaji akikataa plagi zisifunguliwe? Usigombane naye. Huenda anaogopa fundi wako atavunja kitu, na hofu hiyo ina haki. Kubalianeni kwa maandishi: wewe unalipa ukaguzi, na chochote kitakachoharibika ni juu yako. Akikataa hata hivyo, lihesabu lina injini mbovu na utoe bei ya gari lenye injini mbovu. Kuna atakayekubali, na hapo hakuna aliyedhulumiwa. Jambo moja tu: fundi asiwe wa muuzaji, wala asiwe wa dalali.

Na wewe dada unayeuza, unayeuliza ujiandae vipi, nimekusikia. Fanya vipimo hivi mwenyewe kabla hujatangaza, uweke namba mezani. Mtaje aliyebadilisha programu ya injini na lini, maana mnunuzi wa STI anaogopa mkono usiojulikana kuliko kilomita. Usioshe injini; ikiwa inang'aa nitaanza kutafuta oili inavuja wapi. Na ile ekzosi ya kiwanda uliyoitupa stoo, itoe uifute vumbi. Mnunuzi makini ataiulizia.