Kabla Mikono Haijainuliwa

Ndugu madiwani, ndugu watumishi, na nyinyi wananchi mliokuja kusikiliza, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwenye ajenda ya kikao huwa mstari mmoja tu: "Kuidhinisha ununuzi." Mara nyingi mstari huo hupita haraka kuliko kuthibitisha mhtasari wa kikao kilichopita. Hapo ndipo penye hatari. Mnapoinua mikono kupitisha ununuzi, sehemu kubwa ya uamuzi imeshafanyika wiki kadhaa nyuma, na katika halmashauri ndogo pengine imefanywa na mtu mmoja.

Chukueni gari la kuzolea taka. Kabla zabuni haijatangazwa, yupo mtu aliyekaa mezani akaandika sifa za gari hilo: ujazo wake, nguvu ya injini, aina ya mtambo wa kushindilia taka, muda wa kulifikisha. Akiandika kipimo ambacho kiwanda kimoja tu ndicho kinachokitengeneza, mshindi amekwisha kupatikana. Yatakayofuata yataonekana safi. Tangazo litabandikwa, bahasha zitafunguliwa hadharani, kamati ya tathmini itajaza alama zake, nanyi mtaletewa jina la mzabuni "pekee aliyekidhi vigezo." Mtatafuta kosa kwenye kabrasha na hamtaliona, kwa sababu limefanyika kabla ya ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo diwani anayetaka kulinda fedha za mji aombe kuziona sifa hizo kabla ya tangazo. Aulize maswali ya kawaida kabisa: gari hili litabeba tani ngapi kwa siku, litapita barabara zipi, litatengenezwa na nani likiharibika? Sifa zilizoandikwa vizuri hueleza kazi inayotakiwa kufanyika. Zilizoandikwa vibaya humweleza muuzaji.

Hapo hapo ndipo pa kuzungumzia bei. Bei ndogo siku ya kununua inaweza kuwa ghali baada ya miaka mitano ya mafuta, tairi na vipuri. Ni halali kabisa kuzipima gharama hizo, na ni busara, ila kipimo lazima kiwe kimeandikwa kwenye nyaraka za zabuni na kila mshindani akakisoma. Kigezo kinachozuka baada ya bahasha kufunguliwa ni upendeleo, hata kama aliyekileta ana nia njema.

Sasa viwango. Karibu kila mfumo wa ununuzi wa umma una ngazi. Kiasi kidogo, ofisa hununua mwenyewe. Kikiongezeka, hutafutwa nukuu za bei, mara nyingi tatu. Kikizidi hapo, ni zabuni ya wazi. Ngazi hizo zina sababu nzuri, kwani hakuna haja ya kutangaza zabuni ya ndoo na mifagio. Lakini ndizo zinazozaa ujanja wa zamani kuliko wote, wa kuugawa ununuzi mmoja vipande vipande. Kazi ya kukarabati jengo moja inakuwa "rangi", kisha "milango", kisha "umeme", kila ankara ikiwa chini kidogo tu ya kiwango, na anayelipwa ni yule yule. Katika kikao kimoja hamwezi kuuona, maana kila kipande peke yake ni kidogo. Ombeni orodha ya malipo ya mwaka mzima iliyopangwa kwa jina la anayelipwa. Ni karatasi chache, na hazihitaji mhasibu kuzisoma.

Dharura nitaipitia haraka. Pampu ya maji ikifa, nunueni leo na mtoe maelezo kesho. Mwaka wa fedha kukaribia kwisha si dharura. Tarehe yake inajulikana tangu mwaka ulipoanza.

Naomba sasa mnivumilie, nikae kidogo kwenye kisa kimoja, kwa sababu kinahusu mji mdogo na watu wema. Dixon ni mji ulio katika jimbo la Illinois, Marekani, wenye wakazi wapatao 16,000. Mkuu wake wa hesabu, Rita Crundwell, alishika kazi hiyo tangu miaka ya 1980. Mwaka 1990 alifungua akaunti ya benki yenye jina la mji, ambayo viongozi wenzake hawakuijua. Kwa zaidi ya miaka 20 alihamishia humo fedha za umma, na kwa wakaguzi alionyesha ankara za kughushi, zilizodai kuwa zimetoka serikali ya jimbo kwa ajili ya miradi ya mji. Jumla ilizidi dola milioni 53. Katika mwaka 2008 peke yake alichukua dola milioni 5.8. Fedha zilipopungua, aliwaambia viongozi kwamba jimbo linachelewesha mgawo, nao wakaendelea kupunguza matumizi ya mji.

Wale viongozi hawakuwa wezi. Walikuwa meya na makamishna wanne, watu wenye shughuli zao nyingine, walioitumikia halmashauri kwa muda wa ziada. Walimwamini. Yeye ndiye aliyepokea barua, aliyeandika hundi, na aliyezipokea taarifa za benki. Ilikuja kujulikana mwaka 2011, alipokuwa likizoni na karani aliyemshikia nafasi akaiomba benki taarifa za akaunti zote. Mwaka 2013 Crundwell alihukumiwa kifungo cha miaka 19 na miezi 7.

Kila nikikifikiria kisa hiki naumia kwa sababu ya udogo wa dawa yake. Anayeagiza asiwe ndiye anayepokea mzigo, anayepokea asiwe ndiye anayelipa, na taarifa ya benki ifunguliwe na mtu wa nne. Mtaniambia ofisi yenu haina watu wanne. Basi diwani mmoja apewe kazi ya kuzipokea taarifa za benki moja kwa moja kutoka benki kila mwezi. Na mtumishi wa fedha alazimike kwenda likizo, kazi yake ishikwe na mwingine. Mtumishi mwaminifu hapotezi chochote kwa utaratibu huu, unamkinga asishukiwe.

Katika mji mdogo pia watu ni ndugu. Fundi pekee wa kuchomelea anaweza kuwa shemeji wa mwenyekiti. Hilo halimfanyi kuwa mwizi, wala si lazima limnyime kazi. Linachotaka ni mwenyekiti atamke uhusiano huo, uandikwe kwenye mhtasari, kisha atoke ukumbini. Kutopiga kura hakutoshi, kwa maana uso wake ukiwa mbele yenu hakuna atakayeuliza swali gumu.

La mwisho ni yale yanayotokea baada ya kura. Mkataba mliopitisha kwa bei nzuri unaweza kupanda taratibu kwa nyongeza za kazi: mtaro umeonekana una mwamba, nondo zimeongezwa, muda umesogezwa. Nyingine ni za kweli kabisa. Lakini mzabuni aliyekusudia kushinda kwa bei ya chini na kuirudisha faida yake huku nyuma huutumia mlango huo huo. Wekeni kwenye azimio lenyewe kwamba nyongeza ikifikia asilimia fulani ya bei ya mkataba, lazima irudi kikaoni, ikiwa na maelezo ya mhandisi kwa maandishi. Na katika kila kikao mkataba ambao haujakamilika uletwe na namba tatu: bei mliyopitisha, kiasi kilicholipwa, na kiasi kinachodaiwa. Karibuni kwa maswali.