Ruleti: kijani ndo kanakula hela

ZUHURA: Haya jamani, ni sisi walewale wa Kigoma mwisho wa reli. Leo Juma kaja na ruleti, nami nimemwambia aelezee kwa sie tunaojua mikeka ya mpira tu.

JUMA: Sawa dada. Ni gurudumu lina vishimo vya namba, 1 mpaka 36, nusu nyekundu nusu nyeusi, halafu kuna sifuri ya kijani. Watu wanaweka chipu mezani, vile vidude vinavyosimama badala ya hela, mchezeshaji anazungusha gurudumu huku, kipira anakirusha kinyume, kikichoka kinadondoka, imekula kwako au umekula.

ZUHURA: Mambo ya Las Vegas hayo.

JUMA: Wafaransa hao! Wengine wanamtaja Blaise Pascal, yule wa hesabu, eti alikuwa anatafuta mashine ya kuzunguka bila kusimama. Ila Paris miaka ya 1790 ilishakuwa inachezwa, na sifuri zilikuwa mbili. Mwaka 1843 ndugu wawili, François na Louis Blanc, wakaondoa moja kwenye kasino yao Bad Homburg, Ujerumani, wavute wateja. Marekani wakabaki na mbili zao.

ZUHURA: Sasa moja au mbili, inanihusu nini?

JUMA: Hapo ndo penyewe. Weka buku kila namba, zote 37, yaani umetoa elfu 37. Lazima ushinde si ndio? Namba moja inalipa 35 kwa 1, unapewa elfu 35 na buku yako, jumla elfu 36.

ZUHURA: We! Nimepatia kila kitu na buku imeliwa?

JUMA: Imeliwa, ndo asilimia 2.7 anayobaki nayo mwenye nyumba, yaani kasino. Ya Marekani ina vishimo 38 na malipo ni yaleyale, inafika 5.26.

ZUHURA: Na usipotaka namba moja?

JUMA: Chipu katikati ya namba mbili inalipa 17 kwa 1, kwenye kona ya namba nne inalipa 8, dazeni nzima 2. Nyekundu au nyeusi unapata kiasi kilekile ulichoweka, ila sifuri ikitoka zote mbili zimeliwa.

ZUHURA: Mafundi wa kijiweni pale Mwanga wanasema ukiliwa dabo tu, mwisho itarudi.

JUMA: Haya dabo, anza na buku, mbili, nne, nane, 16, 32, 64, mara saba tu umeshaliwa 127,000 na ya nane inataka 128,000, yote hiyo unatafuta faida ya buku moja! Na meza ina kikomo cha dau, wanaweza wakakukatalia. Kwenye kasino ya Monte Carlo, kule Monaco, mwaka 1913 nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo, watu wanazidi kumimina kwenye nyekundu eti sasa zamu yake, kwani kipira kinajuaje kilidondokea wapi?

ZUHURA: Aisee, 26! Ikaja kukatika lini?

JUMA: Ya 27. Sasa uliza nani alikuwa bado ana chipu.