Miwani Iliyosahaulika Nyumbani

(Mhadhara uliotolewa mjini Dodoma mbele ya wawezeshaji wa kisomo wa kujitolea, mafundi na wafanyabiashara wa masokoni. Umeandikwa kama ulivyosemwa, vicheko vingi vimeachwa.)

Mbukwenyi!

Haya, nimesikia. Waliotoka Kondoa na Chemba wamekaa kimya, wanasubiri salamu yao. Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za asubuhi. Naona viti vya mbele viko wazi. Ndivyo tulivyo watu wazima, tukiingia mahali panapofanana na darasa tunakimbilia nyuma karibu na mlango. Nami nilipofika leo, kabla hawajaniita huku, nilikuwa nimeshakaa pale karibu na mlango.

Nianze na miwani. Katika kazi ya elimu ya watu wazima, niliyoifanya mpaka nikastaafu, nimesikia habari za miwani iliyosahaulika nyumbani mara nyingi kuliko nilivyoiona imevaliwa. Mama anapewa risiti pale Soko la Majengo, anaigeuza, anasema, "Mwanangu nisomee, miwani nimeiacha nyumbani." Baba anaitwa shuleni kusaini fomu ya mtoto, naye miwani kaiacha. Mwingine mkono unamuuma, hawezi kushika kalamu. Mnacheka kwa sababu mnawajua. Pengine mmoja wao yumo humu ndani, na kama yumo, karibu sana.

Watu hawa hawana uvivu wala vichwa vizito. Wanabeba aibu, na aibu ya mtu mzima ina nguvu kuliko njaa. Mtu atakubali kupunjwa fedha mbele ya mzani kuliko kukiri mbele ya watu watatu kwamba hajui tarakimu ile inasema nini. Ndiyo maana nimekuja kuwaomba jambo moja: mpunguze kuita madarasa, muanze kukaa na mtu mmoja mmoja.

Msinielewe vibaya, sidharau madarasa. Mimi ni zao lake. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati ule zaidi ya watu wazima 6 katika kila 10 nchini walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Likaja jeshi la walimu wa kujitolea, waliomaliza darasa la saba, makarani, wake wa walimu, wakifundisha chini ya miembe kwa posho ndogo ambayo leo hainunui vocha. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikasimama kwa sheria yake mwaka 1975, na mwaka huohuo ukafanyika mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo. Wasiojua wakaonekana kushuka hadi asilimia 39. Kufika mwaka 1986 hesabu ya serikali ilisema asilimia 9.6. Nchi maskini, yenye lugha zaidi ya 100, imefanya hayo ndani ya miaka 16!

Kisha tukarudi nyuma. Kulikuwa na vita vya Kagera, kulikuwa na ule ukata wa miaka ya 80 mnaoukumbuka wenye mvi, sabuni kwa foleni. Fedha za kisomo zikakauka. Lakini mimi nilikuwa vijijini, na niliona sababu nyingine ambayo haihitaji vita. Mtu alifaulu hatua ya nne ya kisomo, akapewa cheti, akakitundika ukutani pembeni ya picha ya harusi, na baada ya hapo hakukuwa na kitu cha kusoma. Gazeti halifiki. Barua haiji. Miaka mitano baadaye unamkuta cheti kipo ukutani, herufi zimemtoka.

Waliobaki nazo ni wale ambao kusoma kuliingia ndani ya kazi zao. Wazee wetu walilijua hili, ndiyo maana walikiita kisomo chenye manufaa. Kule kanda ya ziwa, mradi ulioanzia Mwanza mwaka 1968 ulikuwa na vitabu vya kisomo vinavyohusu pamba, uvuvi, ng'ombe. Mvuvi alijifunza herufi kwa maneno ya wavu wake. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2 walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Sasa njooni hapa Dodoma ya leo. Tangu serikali ilipohamia kwa kasi kuanzia mwaka 2016, mji huu unajengwa usiku na mchana. Mtumba, Ihumwa, Nzuguni, kila mahali ni nondo na kokoto. Nilimpata fundi mmoja wa msingi, simtaji. Hajui kusoma. Lakini mpe kamba na vigingi: anapima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, anavuta futikamba kwenye mshazari, ikisoma 5 anakwambia kona imekaa. Ile ni hesabu ambayo watoto wa sekondari wanaililia. Yeye anaitumia kila wiki na anadhani hajui hesabu!

Nikamuuliza, mfuko wa saruji unaujuaje? Akasema, huu una twiga, huu una simba. Nikamwambia, basi umeshaanza kusoma, maana chini ya mnyama kuna jina lake. Nilitaka tuanze na Simba, kwa sababu "twi" inamsumbua anayeanza. Akakataa katakata. Yeye ni Yanga. Tukaanza na Twiga, ikatuchukua siku mbili zaidi, na sikujuta. Kisha tukaenda kwenye namba: mfuko huu umeandikwa 32.5, ule 42.5. Kwa miaka mingi alikuwa akiletewa saruji yoyote na kuimwaga. Alipojua kwamba namba kubwa ni ya nguvu kubwa zaidi, na kwamba nguzo na plasta hazidai saruji ileile, alisimama kazini akamwambia mwenye nyumba, "Hii siyo ya nguzo." Siku ile alisimama kama mhandisi.

Mnaona nilichofanya? Sikumletea kitabu. Kitabu alikuwa anakibeba begani, kilo 50.

Nendeni Kibaigwa msimu wa mahindi. Chukueni hesabu ndogo. Kilo moja ikiwa shilingi 700, gunia la kilo 100 ni 70,000. Mnunuzi akijaza lumbesa, kile kichwa cha juu kinachoshonewa kamba, gunia likafika kilo 120, na akalipa lilelile gunia moja, mkulima ameacha 14,000 sokoni. Magunia 10, ni 140,000. Lumbesa imekatazwa, tunajua, na tunajua pia inavyoendelea. Nilipoifanya hesabu hiyo na akina mama wa Kongwa, hakuna aliyelalamika kwamba kuzidisha ni kugumu. Mmoja alirudia mara tatu, kila mara anapata jibu lilelile, akawa analia kwa hasira. Sikumpoza.

Na simu. Leo mtu asiyejua kusoma ana simu, ana akaunti ya fedha humo ndani, na namba yake ya siri anaijua wakala, mjukuu na jirani. Wote wanaaminika, mpaka siku moja wasiaminike. Halafu unaingia ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Sisi tunaofuta tukicheka, hatukumbuki kwamba kuna bibi anayesomewa ujumbe huo na mtoto wa darasa la pili, na kweli kuna hela alikuwa anadaiwa. Kama una wiki moja tu na mtu, mfundishe tarakimu zake nne za siri, aziandike mwenyewe kwa kidole chake, na wewe ugeuke utazame ukuta.

Huyu mtu wa kukaa na mwenzake tumwiteje? Kwenye semina wanasema menta. Wengine wanasema mlezi, na mzee mmoja wa Bahi aliniambia, "Mimi nina wajukuu tisa, unilee?" Alikuwa na haki. Waliotoka pwani wanamjua kungwi, ambaye hamfundishi mwali kwa ubao wala hampi mtihani, na hata baada ya harusi bado anaulizwa maswali. Hapa kwetu, nani alijifunza zeze, au ilimba ile ya kupigwa kwa vidole gumba, kwa kuhudhuria semina? Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyeisikilizisha dunia ilimba, na aliyefundisha pale Bagamoyo, ametoka kwenye utamaduni wa mtoto kukaa karibu na mkubwa anayepiga, mpaka vidole vinaelewa. Iteni mnavyotaka. Mimi nasema mwenza, kwa sababu mwenza anaweza kubadilishana nafasi. Yule fundi alinifundisha kuchanganya zege, na nilikuwa mwanafunzi mbovu.

Sasa makosa, na nitaanza na langu.

Nilikaa miezi mitatu na mzee mmoja, mkulima wa zabibu wa Mpunguzi. Herufi kubwa za ubaoni anazisoma. Nikimpa karatasi, hakuna kitu. Anasema, "Mwalimu, miwani." Nami kwa ujuzi wangu wa miaka yote ile, nikajisemea: aibu hiyo. Nikamtia moyo. Nikambembeleza. Nikamhubiria. Siku moja mjukuu wake akapita na miwani ya kusomea ya dukani, zile za bei ndogo, akamvika babu kwa utani. Mzee akasoma mstari mzima. Macho ya karibu huanza kuchoka mtu akikaribia miaka 40 au akiipita kidogo, kila mtu anajua, na mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa yangu puani wakati wote huo. Kwa hiyo kabla hujaanza silabi, mpime mtu wako kwa jicho tu: anasogeza karatasi mbali? Tafuta miwani kwanza. Wapo wanaosema kweli.

Kosa la pili ni kalenda. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mwezi wa kumi na mbili mtu yuko shambani na mtama na uwele, wewe unafungua darasa, halafu unaandika kwenye daftari lako "utoro". Mtoro ni wewe, umetoroka msimu. Kwa wa zabibu angalieni na mavuno yao, yanakuja mara mbili kwa mwaka.

La tatu, lugha. Bibi mmoja Chamwino alinisomea ukurasa mzima bila kukwama. Nikamuuliza, umesoma nini? Akacheka, akamuuliza mwenziwe kwa Kigogo nimesema nini. Kiswahili chake cha sokoni kilimtosha kununua chumvi, hakikumtosha kwa kitabu changu. Tangu hapo tunazungumza jambo kwanza kwa lugha ya nyumbani, tunalicheka, tunalibishania, kisha ndiyo tunaliandika.

Na vijana wa vyuo mnaojitolea, nawapenda, lakini acheni kuwapigia makofi watu wazima. Mtu wa miaka 55 amesoma neno "soko", ukumbi mzima makofi! Hajarudi tena, na mkashangaa. Toa shikamoo yako ukifika, kaa chini kama yeye alivyokaa, na usimsahihishe mbele ya mwanawe.

Kuhusu vyeti nitasema kidogo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi alioupata mtu nje ya chuo: fundi wa miaka 15 anapimwa kwa kazi yake, anaongezewa pale alipopungukiwa, anapewa cheti. Ni jambo zuri sana. Ila fomu inajazwa kwa kalamu, na fundi wangu huyu wa tatu-nne-tano ataiona fomu, atakumbuka miwani nyumbani, ataondoka. Pale mlangoni ndipo anapohitajika mtu wa kukaa naye, nusu saa tu.

Ndiyo, mama, nakuona umenyoosha mkono. Sema kwa sauti, tusikie wote.

Anauliza: yeye anauza chakula soko la Sabasaba, aliishia darasa la saba, atakuwa mwenza wa nani?

Mama, una daftari la wanaodaiwa? Unalo. Na yule dada anayekuoshea vyombo, anajua kusoma? Unasita. Basi hujawahi kumuuliza, na usimuulize. Jumatatu, biashara ikipoa saa tisa, mwite, mwambie, "Hebu nisaidie kukumbuka waliokula mkopo leo." Yeye atawakumbuka wote, akili yake ndiyo daftari lake. Wewe andika majina akiwa anaona, sema kila jina unapoliandika, taratibu. Siku ya tatu mpe kalamu aandike herufi ya kwanza tu ya mteja anayemchukia zaidi. Hiyo hataisahau. Na kwenye kujumlisha madeni, ukikosea, mwambie umekosea, mrudie wote wawili.