Ndoo Tatu za Dagaa, Trilioni 120

Mwangaluka! Wasiojua kuitikia watafundishwa na jirani zao. Na nyie mliosimama mlangoni, ingieni, viti vya mbele havina mwenyewe.

Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, watanivumilia. Python, hii lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mmeshasoma ni nini, sirudii. Nimekuja kugombana na tabia moja. Mtu anafungua zoezi la kwanza, anasoma swali nusu, anashuka moja kwa moja kwenye jibu, anakopi, anapesti, linakubali. Jioni anatangaza kamaliza mazoezi hamsini. Umemaliza nini, ndugu yangu? Umehamisha maandishi.

Kijana mmoja ninayemfundisha ana shangazi yake anauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Zoezi lenyewe dogo: uliza bei ya ndoo, uliza idadi, zidisha, toa jumla. Akaandika mistari yake. Python ikagoma: TypeError. Mstari wa mwisho wa ujumbe ulimweleza kabisa kwamba anazidisha maandishi kwa maandishi. Hakuusoma. Lile jambo la input, amri inayopokea unachoandika, kurudisha maandishi siku zote lilikuwa limempita. Ukiandika 12000, yenyewe inaona herufi tano zilizopangana, kama namba ya gari. Akauliza kwenye kundi la WhatsApp, akajibiwa kwa maneno mawili: “Weka int.” Akaweka int, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba nzima. Moja. Kwenye idadi. Bei akaiacha vilevile.

Programu ikatembea, hakuna malalamiko. Kijana huyo, mbio hadi kwa shangazi. Bei 12000, ndoo 3, jumla: 120001200012000.

Hebu isomeni hiyo namba. Trilioni mia moja ishirini na ushee! Bajeti ya Serikali ya 2025/26 ni trilioni 56 na kitu. Ndoo tatu za dagaa zinailipa mara mbili na chenji inabaki. Shangazi akatazama simu, akamtazama kijana. “Baba, hizo hela tutazibebea kwenye nini?”

Mnacheka. Python haikukosea lakini. Maandishi ukiyazidisha kwa 3 yanarudiwa mara tatu, ndiyo kazi yake, na ndivyo alivyoiambia. Nataka mmwangalie shangazi. Yeye hajui Python, ila 36,000 alikuwa nayo kichwani kabla kijana hajabonyeza kitu. Kwa hiyo alishtuka. Kijana hakuwa na namba yoyote kichwani, angeshtushwa na nini?

Basi dawa yangu ni karatasi. Kabla hujaendesha programu, andika kwa kalamu unategemea itoe nini. Halafu endesha. Zikipishana, hapo ndipo somo lilipo, kaa hapohapo hata saa nzima.

Naona mkono kule nyuma, na swali nalijua: “Mwalimu, siku hizi akili mnemba inaandika yote.” Inaandika, hata mimi naitumia. Ikikuletea trilioni 120, nani ataikataa? Mwingine atasema Kiingereza kinamshinda. Maneno maalumu ya Python ni 35 tu. Konda anatumia zaidi ya hayo kabla daladala haijatoka Buzuruga. Huna kompyuta? Simu inatosha kwa mazoezi haya, na karatasi haihitaji bando.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengine manne, nayapitisha mbio. Lile zoezi la vigawe vya 3 na 5, vya 3 neno moja, vya 5 jingine, vya 15 yote mawili: anza kuuliza 15, ukianza na 3 hutaifikia 15 kamwe. Yapeni mambo majina ya Kiswahili, bei ni bei, acheni x na y. Ukijumlisha 0.1 na 0.2 utaona 0.30000000000000004, msipige kelele, kompyuta inahifadhi desimali kwa mfumo wa mbili, wa 0 na 1 tu, na 0.1 haikai humo sawasawa, hela wekeni kwa namba nzima. La nne nimelisahau.

Nawaandikia ubaoni mistari miwili:

for siku in range(1, 7):
    print("Siku ya", siku)

Shangazi anataka mauzo ya wiki nzima, siku saba. Toeni kalamu, andikeni kitakachotoka, mstari kwa mstari. Wewe wa shati la kijani, weka simu chini kwanza. Kwa kalamu, nimesema.