Skrubu Iliyoliwa Kichwa

Mbukwenyi, mafundi wenzangu! Asanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka Chamwino na Kongwa, na vumbi la njia bado liko mabegani.

Nimeshika kifuniko cha injini ya pikipiki. Skrubu tano zimetoka, ya sita imeliwa kichwa. Mwenyewe alitumia bisibisi ya nyota namba 1 pahali pa namba 2. Ncha ikacheza, ikateleza, ikala kingo. Wengi hulaumu kutu, lakini hii imeuawa na bisibisi.

Nyota hii ina jina la Henry Phillips wa Marekani, aliyepata hataza zake mwaka 1936. Ncha yake imechongwa kwa mshazari, kwa hiyo ukizungusha kwa nguvu inajisukuma nje yenyewe. Nguvu yako kubwa iwe ya kukandamiza. Na pikipiki za Kijapani zina nyota inayofanana na hii, ila si ileile. Mara nyingi kichwani utaona kitone kidogo. Nunueni bisibisi yake, nawasihi.

Sasa tuitoe. Chokonoa kishimo kwa sindano kwanza, maana vumbi letu la Dodoma likishikana na grisi linaganda kama saruji na ncha haizami. Tia mafuta ya taa, acha hadi kesho. Mteja akikuharakisha, mweleze kwa upole, lakini usikubali. Kesho yake chukua bisibisi ambayo chuma chake kimepenya hadi mwisho wa mpini, isimamishe wima, gonga kwa nyundo mara tatu nne. Mtetemo unavunja kutu kwenye hesi, ile mikato inayozunguka shina la skrubu, na ncha inajichimbia kikao kipya. Halafu kaza kidogo. Ndiyo, kaza! Ikishalia "ka!", ndipo ufungue.

Ikigoma, kata mfereji kichwani kwa msumeno wa chuma, utumie bisibisi bapa. Moto nao unasaidia: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, basi pasha kifuniko, usipashe skrubu. Lakini futa mafuta ya taa yote, na petroli iwe mbali kabisa. Nimeshuhudia mkono wa kijana ukiungua, na sijausahau.

Drili iwe ya mwisho. Toboa kichwa tu. Kikitoka, kifuniko kinaachia, na shina lililobaki mara nyingi linazunguka kwa plaizi bila ubishi, kwa sababu hakuna tena kinacholivuta.

Haya, kijana wa mbele, njoo ushike bisibisi. Kandamiza. Zaidi. Bado usizungushe.