Mlimani Kuna Sweta na Barabara Moja

REHEMA: Karibuni tena. Leo nilipanga mambo matano ya kukagua kabla hujahamia mlimani, lakini Jumanne imenivurugia kila kitu.

JUMA: Ukungu?

REHEMA: Ukungu, kaka! Nafungua mlango, hata mti wa getini siuoni. Kabla sijahamia niliipima njia Jumapili saa 6 mchana, jua linawaka, nikashuka kwa dakika 12. Jumanne dakika 45! Magari yamewasha taa, yanafuatana kama siafu.

JUMA: Njia hupimwa saa ile ile utakayoipita, tena siku ya mvua. Na sweta je?

REHEMA: Usianze.

JUMA: Wasikilizaji, wiki ya tatu hii ananitumia picha za sweta.

REHEMA: Linanisumbua kweli! Natoka nimelivaa, nikifika chini nalivua, jioni nalisahau kazini. Napanda huku natetemeka.

JUMA: Hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Wewe umepanda mita 300. Ni nyuzi mbili tu.

REHEMA: Mbili za kwenye hesabu. Ongeza upepo, ongeza ukungu unaoingia hadi kwenye mashuka. Nguo nimeanika Jumatatu, Alhamisi bado mbichi.

JUMA: Ndiyo maana nilikwambia uulize upepo wa mvua unatokea wapi. Upande unaoupokea, hewa inasukumwa juu, inapoa, inamwaga maji hapo hapo. Upande wa pili hubaki mkavu zaidi.

REHEMA: Nihamie bondeni basi?

JUMA: Hapana! Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa baridi ni nzito, inateremka na kutuama kule. Katikati ya mteremko ndiko kwenye nafuu.

REHEMA: Katikati basi halifiki, Juma. Ni ngazi tu.

JUMA: Ngazi zina ubaya gani? Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliwapa wapanda milima kanuni: juu ya muda wa kutembea tambarare, ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda, kama mita 600. Mita 100 ni dakika 10 za ziada.

REHEMA: Kwa mtu mkavu. Mbebeshe mtoto aliyelala, mvua inanyesha, ngazi zinateleza. Mimi barabara kwanza. Baridi nitaivalia sweta. Barabara pekee ikifukiwa na udongo, nivae nini?

JUMA: Barabarani unakaa saa moja au mbili, nyumbani usiku kucha. Hewa kwanza.

REHEMA: Ndiyo hiyo saa inayonitisha. Unateremka umekanyaga breki mfululizo, zinapata moto, zinaanza kulegea.

JUMA: Tia gia ndogo, dada, injini ikushikilie.

REHEMA: Gia nitatia. Barabara bado kwanza.

JUMA: Sikubali.

REHEMA: Nami sikubali. Na tumebakiza dakika moja.

JUMA: Yale matano? Presha ya maji, mitaro...

REHEMA: Hayawezekani tena leo. Kesho saa 12 asubuhi njoo ushuke nami.

JUMA: Nakuja. Ila nitashuka kwa ngazi.

REHEMA: Haya, tukutane chini.